Leso zilikua zinanizungusha: wiki 10 za fizio ya kizunguzungu Nyali

Nimeahidi watu wengi dukani kwamba nikimaliza nitaandika, basi nimemaliza juma lililopita na naandika. Hii ni kuhusu kliniki moja ya fizio, yaani tiba ya mazoezi ya mwili, huku Nyali, Mombasa, ghorofa ya pili, yenye kitengo cha watu wa kizunguzungu na wanaopepesuka. Jina nitampa atakaeniuliza WhatsApp, sitaki ionekane nimelipwa kutangaza, nimelipa mie mwenyewe kwa Mpesa kila siku niliyokwenda. Nawapa nyota 4 kati ya 5 na hiyo 1 niliyowanyima ina sababu yake.

Kwanza mjue nilifikaje pale. Mie nauza leso, yaani kanga, Biashara Street, duka aliloliacha marehemu babangu. Mwezi wa Februari nilipanda ngazi ya mbao kushusha jora lililokua juu kabisa ya rafu, ngazi ikateleza, nikaenda chali na kisogo kikapiga ukingo wa kaunta. Sikuzimia. Hilo ndilo lililonidanganya, maana nilikua naamini mtikisiko wa ubongo ni mpaka mtu azimie, kumbe wengi wanaoupata hawazimii hata kidogo. Nilikaa chini, nikanywa maji, nikauza mpaka magharibi, usiku ndio nikaanza kutapika na watoto wakanikimbiza hospitali.

Kipimo cha CT, ile picha ya ndani ya kichwa, kikaja safi. Na hapa niseme kitu manake watu wengi wanakwama hapa hapa: CT inatafuta damu iliyovujia ndani na mfupa uliovunjika, mtikisiko wenyewe kwa kawaida hauonekani kwenye ile picha, kwa hivyo kuambiwa picha ni safi ni habari njema sana lakini haimaanishi huna kitu. Daktari niliyemuona kule, sitamtaja wala sitaitaja hospitali, akaniambia nikalale chumba cha giza wiki 2, nisishike simu, nisitoke, na dawa ya kizunguzungu mara 3 kwa siku. Nikafuata kama nilivyoambiwa. Kichwa kikapungua kuuma, nikasema alhamdulillahi nimepona.

Halafu nikarudi dukani.

Wanaonijua wanalijua duka langu, leso zimetundikwa kwenye kamba safu 4 kuanzia mlangoni mpaka nyuma, na juu kuna feni ya dari. Asubuhi ile kijana alikua ameshafungua na feni imeshawashwa, leso zote zinapepea, kisutu nyekundu na nyeupe na nyeusi, vidoti, mistari, maua makubwa, kila moja inakwenda upande wake. Nilisimama mlangoni nikahisi sakafu imeinama kama dau likipigwa na wimbi la ubavu. Nikashika fremu ya mlango kwa mikono miwili. Nikifunga macho inatulia, nikifumbua dau linaondoka tena. Mie niliyezaliwa ndani ya leso, niliyebebwa na kufunikwa kwa leso, nikashindwa kuingia duka la leso, nikakaa barazani kwa jirani anaeuza viatu nikalia.

Baada ya siku ile nikaanza kuona vile kitu chenyewe kina tabia yake. Nyumbani mbele ya ukuta mweupe niko sawa. Supamaketi katikati ya zile rafu ndefu zenye chupa na mikebe kila rangi, nayumba. Likoni pale feri inapofungua mlango na watu wanamwagika wanakupita kulia na kushoto, na mabaiskeli na mikokoteni, nilikua nageuka nitizame ukutani mpaka waishe. Kwenye matatu nikikaa dirishani tukipita Nyali Bridge vile vyuma vya ukingo vinapita chap chap chap, basi kichefuchefu mpaka Kongowea. Na simu, ukisukuma vidio na kidole ziende juu, tumbo lote linageuka. Shangazi yangu akasema ni jicho la watu, nikasomewa, na kisomo kilinituliza moyo wangu sitakataa, ila feni ikiwashwa tu ni yale yale.

Mteja wangu mmoja ambaye mwanawe aligongwa kichwa kwenye mpira ndiye aliyenielekeza Nyali. Nilikwenda shingo upande nikidhani fizio ni ya mgongo na magoti.

Siku ya kwanza walinikalisha saa nzima na nusu na sikuona hata dakika moja ya bure. Yule dada fizio alinihoji kwanza kila kitu, wapi inakuja wapi inaondoka, kisha akanilaza haraka kwenye kitanda kichwa kimegeuzwa kando na kuning'inia kidogo huku anayatizama macho yangu. Akanieleza sababu: ndani ya sikio kuna vichembe kama chumvi na kichwa kikigongwa vinaweza kutoka mahali pake vikaingia kwenye vijifereji vya sikio, na hiyo ni kizunguzungu nyengine kabisa, ya kujigeuza kitandani, na inatibiwa kwa kugeuzwa kichwa kwa mpango maalumu na mara nyingi huisha kwa ziara moja mbili. Mimi sikua nayo. Bibi mmoja niliyekaa nae kwenye foleni alikua nayo na mara ya pili alikuja kuaga tu. Nasema haya kwa sababu ukienda mahali na hawajakufanyia kipimo kile baada ya kugonga kichwa, waulize kwa nini.

Kisha vipimo vya macho. Akachukua kalamu yenye herufi ndogo akaisogeza polepole kuja puani kwangu, niseme ikianza kuonekana mbili. Ikagawanyika sentimita 11, na wao wanataka iwe ndani ya 5 hivi. Halafu nitizame herufi ukutani huku natikisa kichwa kama mtu anaekataa chakula, kufuata mdundo wa haraka. Na cha mwisho ndicho kilichoniangusha: nisimame, ninyooshe mkono, nitizame kidole gumba changu mwenyewe, halafu nigeuke mwili mzima na mkono na kichwa kwa pamoja kulia na kushoto, mdundo 50 kwa dakika, mara 5 tu. Kidole kinabaki mbele yako lakini chumba chote nyuma yake kinapita. Kabla ya kuanza nilimwambia kizunguzungu changu ni 2 kati ya 10, nilipomaliza ni 7 na jasho linanitoka. Akaandika, akatabasamu, akasema "mamangu hapa ndipo penyewe, hii tunaijua na tunaifanyia kazi". Wallahi kusikia mtu anasema anaijua peke yake ni nusu ya dawa, baada ya wiki ngapi za kuambiwa ni wasiwasi.

Sasa alivyonieleza. Mtu anasimama kwa mashahidi watatu: macho, sikio la ndani, na miguu pamoja na viungo vinavyohisi uzito na mkunjo. Ubongo unawasikiliza wote watatu ndio unatoa hukumu kama umesimama ama unaanguka. Ukigongwa, maneno ya masikio na ya shingo yanakua hayakubaliani vizuri na ya macho, na ubongo kwa kuogopa unamshika shahidi mmoja anaeonekana wazi, yaani macho, unawapuuza wale wengine. Hakuna neno ukiwa kwenye ukuta mweupe. Lakini macho hayajui kutofautisha peke yake kati ya mimi nimekwenda na leso imekwenda. Leso zikipepea zote ubongo unahukumu kwamba ni wewe unaeyumba, unakurekebisha, na kule kukurekebisha ndiko kunakotaka kukuangusha.

Na hii hata mzima anayo kwa kiasi. Umekaa kwenye matatu Mwembe Tayari imesimama, ya ubavuni inarudi nyuma polepole, unakanyaga sakafu kama una breki. Miaka ya 1970 huko Edinburgh, Scotland, mtafiti David Lee na wenzake walijenga chumba kidogo ambacho kuta zake zinasogea na sakafu haisogei, watoto waliokua ndio kwanza wanajifunza kusimama walianguka kuta ziliposogezwa, na hata watu wazima waliyumba. Dada fizio alinionyesha mchoro wake na nikauelewa kuliko maelezo yote niliyowahi kupewa. Tofauti ni kwamba mzima ubongo wake unashtuka nusu sekunde kisha unamuuliza shahidi mwengine, na sie tuliogongwa tunabaki tumemng'ang'ania yule yule. London daktari Adolfo Bronstein aliandika kuhusu watu wa aina hii mwaka 1995, wanaosumbuliwa na supamaketi na magari na vitu vinavyopita, kwa hivyo hakuna mtu aseme ni uvivu ama ni mambo ya wanawake.

Kuhusu lile giza la wiki 2. Sikulifurahia nilichosikia lakini mtakisikia na nyie. Wataalamu wa mtikisiko wa ubongo kwenye michezo walikutana Amsterdam mwaka 2022, maazimio yao yakachapishwa 2023, na wanachosema ni mapumziko ya saa 24 hadi 48 tena ya kiasi, kupunguza skrini siku hizo 2, halafu uanze kutembea tembea kwa kiwango ambacho hakikuzidishii sana. Kujifungia gizani wiki nzima haisaidii. Na zile dawa za kizunguzungu ni za siku za mwanzo mambo yakiwa makali, ukizimeza muda mrefu zinalaza lile sikio ambalo ndilo unataka liamke lijifunze upya. Hakuniambia niache, alinirudisha kwa daktari na barua, daktari mwengine, akanipunguzia taratibu. Hilo nililiheshimu sana kwake.

Mazoezi ndiyo nataka kuyaeleza vizuri manake watu wanauliza "sa wanakufanyia nini?" Hawakufanyii, unafanya wewe, wao wanakupimia dozi. Kanuni waliyonipa mie: anza, kizunguzungu kipande kidogo, kisipande zaidi ya pointi 2 ama 3, halafu ukae na kisubiriwe kishuke, kama ndani ya robo saa hivi hakijashuka basi umezidisha, kesho punguza. Kama hakikupanda kabisa pia haifai, ongeza. Nilikua na daftari, na mtoto wa dadangu wa darasa la 7 ndiye mshika saa na mwandishi, akiniuliza kama polisi, "ngapi sasa haloo? ngapi?"

Wiki za mwanzo ilikua herufi moja kwenye ukuta mtupu na kichwa kinatikisika, nimekaa. Kisha nimesimama. Kisha miguu imegandana. Kisha juu ya mto wa sofa, manake miguu ikikanyaga kitu laini shahidi wake anakua dhaifu na sikio linalazimika kusema. Wiki ya 3 akaniuliza, "kwenu kuna leso ya kisutu?" Nikamtizama tu. Akaniambia nibandike ile herufi katikati ya kisutu badala ya ukuta mweupe. Jamani tofauti yake! Herufi ile ile, kichwa kile kile, lakini vile vidoti na misalaba nyuma yake vinaanza kuogelea. Nilikaa wiki nzima kwenye kisutu sekunde 20 mpaka nikafika dakika.

Halafu kikoi. Hii ndio niliyoipenda kuliko zote. Kliniki wana vidio za mistari nyeupe na nyeusi inayokwenda upande mmoja, unasimama mbele ya skrini kubwa unatizama mpaka dakika moja, kulia, kushoto, juu, chini, wanakuongezea spidi kila ukizoea. Nyumbani sina skrini kama ile. Kwa hivyo tukatundika kikoi cha mistari cha mume wangu kwenye kamba ya nguo uani, jioni upepo wa bahari unapoingia, na mie nasimama hatua 3 mbele yake miguu pamoja, naangalia mistari ikija na kurudi, huku nazisikiliza nyayo zangu. Hiyo ndiyo siri aliyonipa, usishike macho tu, peleka akili chini, kisigino kiko wapi, uzito uko wapi. Mara ya kwanza sekunde 15 nikashika ukuta. Mwezi wa pili wa mazoezi nilikua nasimama pale naongea na jirani juu ya bei ya samaki na kikoi kinapiga kama tanga.

Kosa nililolifanya ni wiki ya 4, nilijiona nimeiva nikaingia supamaketi Jumamosi jioni mwisho wa mwezi, nikarudi nikalala siku 2. Nikampigia simu nimekata tamaa, akaniambia hujarudi nyuma, umekula chakula cha siku 3 kwa mlo mmoja, kesho anza nusu. Na kweli siku ya 3 nilikua pale pale nilipoachia.

Na kutembea, kila siku alfajiri Mama Ngina dakika 20, mwendo wa haraka kiasi lakini kichwa kisianze kugonga. Mwanzo natizama mbele tu, baadae nageuza kichwa kutizama meli zinazoingia Kilindini huku miguu inaendelea.

Tuje kwenye ubaya. Chumba cha kusubiri, jamani. Watu wanaokuja ni wa kizunguzungu, na sakafu ni taili nyeusi na nyeupe kama bao la drafti, feni ya dari iko chini ya taa kwa hivyo vivuli vinakata kata ukutani, na ukutani kuna tivii yenye maandishi yanayokimbia chini. Nilikua nafika sina kitu na naingia ndani nina 4. Nilimwambia msichana wa risepsheni, akazima tivii siku ile kwa adabu zote, wiki iliyofuata imewashwa. Nikaandika kwenye kitabu chao cha maoni. Mpaka namaliza taili ni zile zile. Mie nasimamia duka, najua kubadilisha taili ni gharama, lakini zulia moja la rangi moja ni shilingi ngapi? Hiyo ndio nyota niliyowanyima na nitawarudishia siku nikiona zulia.

La pili, bei. Ziara ya kwanza 4,000, zinazofuata 2,500, na mie nilikwenda mara 11. Si kila mtu anaiweza, na ukiwaambia mapema wanakubali kukupangia uje kila baada ya wiki 2 na mazoezi ufanye nyumbani, ila lazima uulize, wenyewe hawatangazi. Pia wana ile miwani ya kuvaa machoni inayokuingiza ndani ya supamaketi ya kompyuta, 1,000 juu. Nilijaribu mara 1. Ni nzuri kwa mtu asiyeweza kufika sokoni, lakini kwa anaeishi Mombasa, sioni haja, kikoi ni bure na Marikiti iko wazi kila siku. Na vidio walizonitumia WhatsApp za mazoezi zilikua zinakwamakwama, na mstari unaokwamakwama unatia kichefuchefu zaidi kuliko unaoteleza, waombe wakuwekee kwenye simu moja kwa moja.

Saa wanachelewa, dakika 20 ni kawaida.

Sasa duka. Wiki ya 7 tulipanga na dada fizio kama mazoezi mengine yoyote. Leso zote zikashushwa zikakunjwa, feni imezimwa, nikakaa nusu saa. Siku ya pili safu 1 imetundikwa. Kisha 2. Safu zote 4 zilipokua juu ndio tukaanza feni, na ile swichi yangu ina namba 1 mpaka 5, kwa hivyo namba 1, nimekaa, halafu namba 1 nimesimama, halafu namba 1 nakunja leso huku nageuka kumsikiliza mteja. Kijana wangu alikua anaizungusha ile swichi kwa uangalifu kama anapasha maziwa. Wateja wakilalamika joto anawaambia "bi mkubwa yuko kwenye zoezi" na wallahi watu wa Mombasa wana utu, wanajipepea na leso wenyewe wanangoja.

Juma lililopita walinipima tena. Kalamu inagawanyika sentimita 6. Kile kipimo cha kidole gumba nilianza na 0 nikamaliza na 1. Feni dukani iko namba 4. Namba 5 bado inanisumbua jioni nikiwa nimechoka, na feri mwisho wa siku ya kazi bado nakaa kando, na amenambia hivyo vitakuja, niendelee na kikoi mara 3 kwa wiki.

Kwa anaetaka kumpeleka mtu: kama ndio amegongwa leo ama jana na anatapika tena na tena, kichwa kinazidi kuuma, amechanganyikiwa, mboni moja ya jicho imekua kubwa kuliko nyengine, ulimi mzito, mkono ama mguu umelegea, ama ameshikwa na degedege, hiyo ni ya hospitali sasa hivi, wala si fizio. Fizio ni kwa yule aliyeshaonwa na daktari na siku zinapita na dunia bado inamyumbia. Chukueni apointimenti ya saa 2 ama saa 3 asubuhi kabla daraja halijajaa, mkalisheni kiti cha mbele atizame barabara badala ya dirisha la pembeni, na mkifika mwambieni akae kile kiti kilicho kushoto ya mlango, ndicho cha pekee kisichotizama tivii.